Nimetoka kwenye mstari wa Danson

Dinah, nimetoka. Nimetoka kwenye mstari wa Danson, watu wote wakiniangalia.

Juzi ni mimi niliyesimama kanisani hapa Mwatate nikasema, "Mimi ni mtaalamu wa maji, nina shahada ya udaktari. Nimepima chemchemi zetu miaka sita. Zinakauka kwa sababu msitu unakatwa. Mchagueni Danson awe diwani, atazuia ukataji huo." Ulikuwepo, ulisikia walivyopiga makofi.

Leo tumepiga kura ya mlolongo uwanjani, kila mtu nyuma ya mgombea wake. Sisi tulikuwa wengi kuliko watu wa mpinzani wake, yule mwenye mashine ya kupasua mbao. Halafu chifu akaja na daftari, akaanza kuandika majina ya mstari wetu peke yake.

Watu wakaanza kuondoka.

Akafika kwangu. "Daktari, wewe si mshahara wako ni wa serikali?" Alisema hivyo tu, polepole.

Nikatoka, Dinah. Danson aligeuka akaniona.

Walibaki kumi na mmoja, na mmoja wao ni mamake.

Jioni Danson amepita hapa nyumbani. Hakunilaumu. Ameomba tu nakala ya vipimo vyangu, akasema wajukuu watauliza maji yalikuwa wapi.