Kiti cha Bibi Mmoja

Lima, Ohio
12 Januari 1997

Mkwe wangu mpendwa Opal,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao akiwa mbwa, natangaza rasmi kwamba mjukuu wetu Rusty ametimiza inchi thelathini na tisa na nusu. Kipimo kimechukuliwa leo baada ya kanisa, kwenye fremu ya mlango wa jiko langu, kwa penseli iliyochongwa upya.

Baada ya tangazo hilo, habari za huko Indiana? U mzima? Goti linaendeleaje na baridi hii? Sisi huku hatujambo, ila Harlan wangu anapiga chafya tangu Mwaka Mpya, na kila chafya anataka ipewe pole yake.

Nimeona nikuandikie mapema kuhusu Florida, maana najua habari zinafika huko kwenu zimeshapoa. Gail wako na Lyle wangu wameamua kweli. Likizo ya Pasaka watawapeleka watoto Nchi ya Fisimaji, ile bustani kubwa ya michezo, siku sita. Dada mtu, Tabitha, ameshachora siku zote zilizobaki na kuzibandika kwenye friji, kila asubuhi anafuta moja. Sasa, mtoto ambaye hajafika inchi arobaini haruhusiwi kupanda yale matreni ya juu, kwa hiyo lazima awepo mtu mzima wa kubaki chini na Rusty, wenzake wakipanda. Na gari lao, ukiondoa mizigo, lina kiti cha bibi mmoja.

Mimi sijasema neno. Mimi ni bibi anayewaona kila Jumapili, na anayejua kwamba Rusty akichoka huvuta sikio lake la kushoto, lakini nimekaa kimya. Nilimwuliza tu Lyle, mwanangu wa kumzaa, "Kwa hiyo mnamchukua nani?" Akasema, "Tutaona, Mama." Namjua mwanangu. Akitaka kukataa hukataa papo hapo.

Nimeanza kushona fulana za safari. Tano.

Mkweo,
Verna


Terre Haute, Indiana
19 Januari 1997

Mkwe Verna,

Barua yako nimeipata, ahsante. Mimi mzima. Goti ni lilelile, linatabiri theluji kuliko yule kijana wa televisheni. Mpe Harlan pole kwa chafya zote, ya kwanza hadi ya mwisho.

Hongera kwa nusu inchi. Krismasi nilimpima Rusty hapa kwangu, mlango wa bafu, akawa thelathini na tisa kamili. Kwa hiyo nusu inchi nzima imeota ndani ya wiki tatu, tena yote kwenye meza yako. Nimefurahi sana. Nimefurahi mpaka chakula cha jioni hakikushuka.

Habari za Florida hazikunifikia zimepoa. Gail aliniambia mwenyewe Krismasi tukiosha vyombo. Nilimwuliza kama kuna nafasi ya mtu wa tano, akanikumbatia na povu lake mikononi, akasema, "Tutaona, Mama." Nimemlea mtoto yule. Hakumbatii watu ovyo akiwa na povu.

Acha nikwambie jambo kwa upole, Verna. Wewe unawaona kila Jumapili, na Jumatano Gail akichelewa kazini unaongezewa. Mimi nawaona Krismasi siku tatu, na Julai wiki moja, na katika wiki hiyo siku mbili za kwanza Rusty hujificha nyuma ya suruali ya baba yake mpaka anikumbuke mimi ni nani. Akishanizoea, Lyle anapakia mizigo. Siku sita mfululizo sijawahi kuzipata tangu azaliwe. Ukizipata wewe, kwako ni Jumapili nyingine tu yenye jua.

Kwa hiyo nami nimefanya langu. Nimenunua kitabu cha mwongozo wa Nchi ya Fisimaji, kurasa mia tatu na kumi. Nimekimaliza, na nimeweka vikaratasi vya rangi: kijani kwa foleni fupi, nyekundu kwa vyoo. Kile kifungua kinywa ambacho Fisimaji mwenyewe anakuja mezani kukumbatia watoto, lazima uweke nafasi kwa simu miezi miwili kabla. Nimepiga. Nimengoja dakika hamsini nikipigiwa wimbo wao ule wa pwata-pwata, na meza nimeipata. Ya watu watano.

Hizo fulana, ya tano ni saizi gani?

Mkweo,
Opal


Lima, Ohio
27 Januari 1997

Mkwe wangu Opal,

Salamu nyingi na pole na goti. Harlan amepona, sasa anakohoa.

Umeuliza saizi. Ni yangu. Rangi ya chungwa, ina nafasi makwapani kwa ajili ya joto, mgongoni nimetarizi BIBI. Ukiivaa wewe itakupwaya, lakini kwa kulalia haitakuwa mbaya.

Kitabu ni kizuri, mkwe, ila mtoto hasomwi kwa vikaratasi. Jana nilimpakata Rusty nikamwuliza, "Mume wangu, kwa Fisimaji utaenda na bibi yupi?" Akafikiri, akasema, "Yule mwenye tambi." Sasa sote wawili tunampikia tambi juu ya viazi vya kuponda, hilo silipingi. Lakini zangu nasukuma kwa mkono, na zako, nimeziona kwa macho yangu, zinatoka kwenye pakiti. Mtoto hawezi kusema wazi zaidi ya hapo.

Tabitha naye kasema, "Bibi Opal anajua vyoo vyote viko wapi." Nikamwambia ni kweli, kila mtu ana kipaji chake.

Mkweo,
Verna


Terre Haute, Indiana
5 Februari 1997

Mkwe Verna,

Natumaini mko salama na kikohozi kimehamia kwingine.

Nami Jumapili nilipiga simu nikaomba kuongea na huyo mume wetu, maana naona tumekuwa wake wenza wa bwana mmoja wa miaka minne. Nikamwuliza swali lako lilelile. Nilisikia anapumua kwenye simu muda mrefu. Kisha akasema, "Nataka kwenda na mbwa." Nimeona nikuletee ushahidi huu ukiwa mbichi, kwa sababu nadhani wewe ulimwuliza akiwa na biskuti mkononi.

Tambi za pakiti ni kweli. Vidole vyangu havisukumi tena. Ulijua.

Kila mara Gail akipiga simu nangoja aseme, nakaa karibu kabisa na simu kama msichana anayesubiri kualikwa dansini. Ananiambia habari za shule, za theluji, za wewe ulivyomletea supu. Anasema, "Mama Verna kwa kweli ananisaidia sana." Namjibu ndiyo, una bahati. Halafu nakata simu na kwenda kupanga upya siku ya tatu, ambayo ilikwisha pangwa.

Tayari nimenunua viatu vya kutembelea.

Mkweo,
Opal


Lima, Ohio
23 Februari 1997

Opal mkwe wangu,

Huna habari! Arobaini!

Leo Jumapili, mchana, baada ya sahani mbili za tambi (za mkono). Harlan alileta pembemraba lake la useremala akaliweka juu ya kichwa cha mtoto, kusiwe na mtu wa kusema nimependelea. Inchi arobaini kamili. Rusty mwenyewe alitazama ule mstari akauliza, "Huyo ni mimi?" Nikamwambia, "Ni wewe, mume wangu, na yote hayo ni viazi vya Bibi Verna."

Wazazi wake hawakuwapo. Nitawatangazia Jumapili ijayo, nimeshaagiza unga wa keki. Nataka Lyle aone kwa macho yake nani anayemkuza huyu mtoto. Baada ya hapo suala la kiti sidhani kama litahitaji mjadala.

Wazima huko? Goti?

Mkweo mwenye furaha,
Verna


Terre Haute, Indiana
26 Februari 1997

Verna,

Salamu nitatuma siku nyingine. Nimeilipia barua hii ifike haraka, maana simu yako ameipokea Harlan mara mbili akasema uko kwaya, na ujumbe huu siwezi kumwachia mwanamume.

USIWAAMBIE.

Fungua akili unisikilize. Ukurasa wa arobaini na saba, kikaratasi cha bluu: mtoto wa inchi arobaini anapanda kila kitu pamoja na wazazi wake. Kila kitu. Sasa bibi anachukuliwa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kubaki chini na Rusty. Rusty akipanda juu, chini anabaki nani? Habaki mtu. Na kama habaki mtu, bibi wa nini?

Ukitoa hilo tangazo na keki yako, hutaninyima kiti mimi peke yangu. Utajinyima na wewe. Mpime tena bila soksi. Mpime jioni, nimesoma kwamba watu hufupika jioni. Hakuna atakayekufa mtoto akiwa na inchi thelathini na tisa na nusu mpaka Aprili.

Na kama ni suala la wewe au mimi, basi, nenda wewe. Nimeandika sentensi hiyo mara nne kabla haijakubali kukaa kwenye karatasi. Nenda wewe, uniletee picha. Angalau nitajua mmoja wetu alikuwapo. Lakini usiwaambie.

Mkweo,
Opal


Lima, Ohio
3 Machi 1997

Mkwe Opal,

Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya Harlan, akacheka hadi kikohozi kikarudi. "Mwambie mkweo," anasema, "na wewe ukipimwa jioni utafupika?"

Sikuoni vibaya. Najua wivu ni nini, hata mimi ninao. Julai mkienda kwenye ziwa lenu narudi kutoka kanisani peke yangu na sijui mikono niiweke wapi. Lakini sijawahi kumsikia bibi akiomba mjukuu wake asikue. Inchi ile imekuuma kwa sababu imeota kwenye meza yangu, basi. Ingeota bafuni kwako ungekwisha itia kwenye fremu. Na hiyo "nenda wewe" yako nimeielewa: unanipa kiti kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine unataka nimfiche mtoto.

Nimeshawaambia. Jana, kwa keki. Lyle alimpima tena mwenyewe. Gail alipiga makofi, Opal, akaruka kama msichana, akasema, "Basi yamekwisha! Atapanda kila kitu na sisi!" Akanikumbatia hapo hapo. Mikono mikavu.

Kuhusu kiti hajasema bado. Naona anatafuta wakati mzuri.

Mkweo,
Verna


Terre Haute, Indiana
10 Machi 1997

Verna,

Amepata wakati mzuri. Alinipigia jana. "Mama, kwa kuwa Rusty sasa anaruhusiwa kupanda, hatutamsumbua bibi yeyote safari hii." Alikuwa na sauti nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo. Nadhani wewe alikuambia ana kwa ana, maana unakaa karibu.

Nimepiga simu kule kupunguza meza iwe ya wanne. Kupunguza hakuna foleni. Dakika mbili tu.

Siku sita, Verna. Sikutaka zaidi ya hapo. Nilitaka siku ya tatu asubuhi aamke, anione, asishangae. Nawe umezibadilisha kwa nusu inchi ili upigiwe makofi.

Usinijibu kwa sasa.

Bibi yao wa Julai,
Opal


Lima, Ohio
25 Machi 1997

Mkwe wangu Opal,

Uliniambia nisikujibu, nami nimetii wiki mbili, jambo ambalo Harlan anasema halijawahi kutokea katika ndoa yetu. Natumaini u mzima. Mimi mwili hauna neno.

Nilianza kukuandikia mara tatu nikachana. Ulisema kweli, kila neno, na mimi nikakuita mwenye wivu huku mwenyewe nimeshika sindano natarizi jina langu. Siku Gail aliponiambia, tukiwa jikoni kwangu, nilisema, "Si kitu, mwanangu, mfurahi," kisha nikaenda chooni nikafungulia maji. Tangu siku hiyo nimekuwa nikibeba lawama hii kila mahali. Jumapili nimekaa kanisani nayo. Nilishaamua kumwambia Lyle kwamba Julai wakae kwako wiki mbili badala ya moja, na Jumapili zangu nitajua la kuzifanyia. Hilo bado nitamwambia, liwe liwalo.

Waliondoka Jumamosi alfajiri. Waliniachia ufunguo nimlishe paka na kumwagia maua maji. Leo nimekwenda, nikaingilia nyuma, bandani. Gari limo.

Nililizunguka mara mbili. Nikadhani wameazima lingine. Nikaingia jikoni kutafuta namba ya hoteli niwapigie, na kwenye kabati la juu, nyuma ya kopo la sukari, nikakuta bahasha ya wakala wa safari. Nimeifungua, ndiyo. Ndani kuna risiti, na karatasi ya mwandiko wa Lyle: "Watoto wasijue, Tabitha atamwambia Mama."

Ni tiketi za ndege, Opal. Zilinunuliwa tarehe kumi na nne Novemba. Ziko nne.

Mkweo,
Verna