Barua ya Kumwachia Hamidu

Jumatatu, 3 Machi
Nimepima marobota ya nguo za soko la Shisanhang hadi saa nane mchana. Kisha kikao cha timu yetu ya mpira, hapahapa ofisini, watu wamekalia mizigo. Bwana Nassor ni mwenye ofisi hii ya kusafirisha mizigo, ndiye pia mwenyekiti wa timu. Mimi karani wa vyote viwili. Safu ya mbele ni butu, wote wamekubali. Kocha Beno anataka tuendelee na vijana tuliowapata kwenye uteuzi, ule wa kila Septemba ambapo timu ya mkiani huchagua kwanza kati ya wanafunzi wapya. Bwana Nassor anataka wachezaji huru, wasiopitia uteuzi, Wakameruni wawili. Atawasafirishia mizigo yao bure.
"Kulea ni kazi ya mama zao, Beno. Mimi nataka magoli."
Watu wakacheka. Nami nikacheka. Sikupenda nilivyocheka.

Jumatano, 5 Machi
Hamidu ametoka mazoezini goti limechubuka, anaimba. Tunaishi chumba kimoja huku ugenini, mtaa wa Sanyuanli. Winga wetu wa kushoto. Tulimteua misimu miwili iliyopita, wa mwisho kabisa, hakuna aliyemtaka. Muda wote huo amekaa benchi akijifunza. Juni anamaliza chuo, anarudi Tanga. Huu ndio msimu wake. Hana mwingine.

Alhamisi, 6 Machi
Wakameruni wamekubali. Hamidu ametemwa. Timu ya mtaa wa Xiaobei inamtaka, nahodha wao amenipigia mwenyewe. Kanuni ya ligi: aliyeteuliwa hahami bila barua ya kuachiwa, na barua ifike kesho kabla ya adhuhuri. Niliiandika, nikampelekea Bwana Nassor. Hakuisoma.
"Kaa nayo. Akienda Xiaobei atatufunga, si unazijua mbio zake?"
"Lakini bosi, kanuni..."
"Karani, visa yako inaisha lini vile?"
Ameuliza kwa upole kabisa. Inaisha Mei. Barua ya kazi ya kuombea nyingine huiandika yeye.

Ijumaa, 7 Machi
Muhuri uko kwenye droo yangu. Saini ya karani wa timu inatosha, kanuni niliichapa mwenyewe. Bwana Nassor alitoka mapema kwenda msikitini. Nilikuwa peke yangu zaidi ya saa nzima, barua mbele yangu. Niliosha vikombe. Nilipanga risiti. Muda ukapita.
Mimi ni mwoga. Naandika nisije nikajidanganya baadaye.

Jumapili, 9 Machi
Nimeweka orodha ya wachezaji kwenye kundi la simu la ligi. Xiaobei wakauliza barua iko wapi. Bwana Nassor akajibu: karani alisahau, msameheni. Kundi zima likanicheka. Mmoja kanitumia picha ya mbuzi anayesinzia. Aliyenitetea ni Hamidu, ambaye sasa hana timu msimu mzima.
"Mwacheni bwana, ana kazi nyingi. Binadamu huyo."
Nimeshindwa kula.

Jumapili, 23 Machi
Mechi ya kwanza. Tumeshinda tatu bila. Mkameruni mrefu kafunga mawili, mazuri kweli. Nilitamani awe mbovu. Bwana Nassor alimkumbatia kocha. Kocha hakutabasamu.
Hakukuwa na mtu wa kushika kibendera, Hamidu akajitolea. Alikimbia kandokando ya mstari mchezo mzima, sambamba na winga mpya, juu na chini. Mara mbili alimpita.

Jumanne, 25 Machi
Nilikusudia kumwambia Hamidu. Sikumwambia.

Jumamosi, 29 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimemwambia. Yote: muhuri, ile saa nzima, visa. Alikuwa anakaanga mayai. Akazima jiko, akakaa kitandani kwake, akaitazama mikono yake.
"Kwa hiyo ulikaa nayo tu?"
"Nilikaa nayo."
"Ungeniambia siku ileile, mwanangu. Ningekwenda kumwomba mwenyewe."
Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika woga wangu wote, sikulifikiria.
Akagawa mayai kwenye sahani mbili. Yangu akaiweka mezani. Yake akatoka nayo koridoni, akafunga mlango taratibu.
Nimekula. Yalikuwa yamepoa.