Gari la Spoti na Magoti ya Mama

Dada, nakiri kosa. Miezi mitano mume wangu amepima viti, kelele za injini na matuta, apate gari la spoti la kwendea kazini kila siku. Sikugundua kwamba hakuwahi kupima namna ya kushuka.

Leo, kabla ya kutia saini, alimpandisha mama yangu. Mama akateleza kitini kama barua ndani ya bahasha.

Kushuka sasa! Magoti yakagoma. Naye mkwe, atamshikaje mama mkwe kiunoni?

Mama akamuuliza mkwewe, "Baba, hili ni gari au kaburi?"

Kaburi, dada! Mbele ya muuzaji!

Mume wangu akajitetea, "Mama, kiti kina joto la umeme."

"Joto litaninyanyua?"

Tulimvuta mimi na muuzaji, mkwe akitazama ukuta.

Funguo amezirudisha. Kesho anakwenda kuangalia magari mengine pamoja na mama.