Kibuyu juu ya mashini ya moshi

Jumamosi, siku ya posho, mutaa wa Lumumba

Nilikasirika bure. Mashini ya kukausha nyama na moshi, yenye bwana yangu alileta toka Kampala, nilisoma karatasi yake yote. Vidonge vya mbao, ndiyo kuni yake, viliwaka tu, nikafungua nitie kuku. Mama-mukwe akasema kwenye kiti yake: "Ngojea, mutoto yangu. Ile moshi ingali nyeupe sana. Itatia nyama uchungu."

Nikajibu mu roho: weye unajua mashini gani? Nikatia kuku wa kwanza. Alitoka mweusi, na uchungu kama dawa ya kinini. Mama hakucheka. Ile ndiyo iliniuma zaidi.

Kwa kuku wa pili nilingojea mpaka moshi ikakuwa nyembamba, karibu haionekane. Watoto walilamba vidole. Nikamuuliza mama alijulia wapi.

"Kule Boga, kila asubui nilikuwa nafukiza vibuyu vya maziwa. Moshi ikiwa mubaya, maziwa nayo inakuwa mubaya."

Boga. Tangu tukimbie vita kule, sikumusikia akitaja ile jina.

Kisha akaingia ndani ya nyumba. Nilifikiri amechoka. Akarudi na kibuyu, kile kimoja chenye alikimbia nacho, akakiinamisha juu ya bomba ya mashini. Moshi ikaingia polepole. Akanusa, akafunika mudomo ya kibuyu na mukono yake.

Ngombe hatuna tena hata mmoja.

Niliongeza vidonge.