Kifurushi Nilichokiweka Nyuma ya Pipa

MAELEZO YA SHAHIDI

Anayeeleza: anafahamika kama Mzee Zege
Umri: miaka 59
Kazi: kibarua wa ujenzi
Elimu: darasa la tatu
Makazi: chumba cha nne, nyumba ya vyumba sita, nyuma ya kiwanda cha matofali
Hali: amefiwa na mke

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja kwa ajili ya yule mama fundi cherehani wa chumba cha pili, mliyemkamata jana kwamba kamuua mbwa wa mwenye nyumba. Hakumuua. Sumu ni yangu.

Naanza nyuma kidogo, afande, la sivyo hutanielewa.

Uani kwetu kuna pipa moja la taka, la vyumba vyote. Mke wangu ndiye aliyelileta, miaka kumi na minne iliyopita. Alilipandisha juu ya matofali, akalitafutia mfuniko wa chuma, na jiwe juu yake. Kabla ya hapo panya walipita mchana kama wapangaji.

Akaweka sheria. Mabaki ya chakula hayatupwi wazi. Yanafungwa kwenye gazeti, yanakazwa kwa utepe wa kitambaa, fundo moja. Tepe alizipata kwa huyo fundi, vipande vinavyobaki akishona. Na ukikuta kifurushi kimeanguka chini, unakitia pipani wewe uliyekiona, hata kama si chako.

Watu walimwita Bibi Afya. Akikuta mfupa nje anagonga milango yote sita.

"Nani anafuga panya humu? Kama unawafuga, wape na shuka."

Walicheka, lakini walifunga. Ukifunua pipa unaona tepe nyekundu, za maua, za kijani. Mgeni mmoja aliuliza zile zawadi ni za nani. Lile pipa lilikuwa linapendeza, afande. Sijui utaliandikaje hilo.

Mara moja tu nilileta sumu ya panya kutoka kazini. Hakuniacha hata nikae.

"Rudisha ulikoitoa. Hapa kuna watoto wanatambaa. Panya mnyime chakula, ataondoka kwa miguu yake."

"Asipoondoka?"

"Basi ni wewe umemlisha."

Nilirudisha. Panya wakaondoka kweli. Miaka mingi hatukuwaona.

Alifariki mwaka juzi, mwezi wa tisa. Haukupita mwezi, mwenye nyumba akachukua mfuniko wa pipa akafunikia tangi lake la maji. Sikusema kitu. Nilipaswa kusema. Watu wakaanza kutupa ovyo, panya wakarudi. Aliyebaki na ile sheria ni fundi peke yake. Hata mimi mwenyewe nilikuwa nimelegea.

Mnamo tarehe 6 mwezi huu, Jumatano, nilikuta panya wametoboa sanduku langu. Wamekula gauni lake la bluu, alilovaa siku tulipohamia pale. Wamekula kifuani na mkono mzima. Nikachemka. Nikanunua sumu.

Jumamosi tarehe 9, saa 12 na robo asubuhi, niliichanganya na mkate na mafuta. Nikafunga kwenye gazeti ili kuku wasidonoe. Panya angetoboa mwenyewe. Nikakaza kwa utepe, fundo moja. Sikufikiri, mikono ilifunga yenyewe, kama alivyonifundisha. Nikakiweka nyuma ya pipa, nikaenda kazini. Sikumwambia mtu. Nilimwonea aibu marehemu.

Nilirudi saa 10 jioni. Mwenye nyumba alikuwa mlangoni.

"Umemkosa fundi wako, yule mchawi. Polisi wamemchukua."

Akanieleza. Saa 3 asubuhi mkewe alimwona fundi akiinama, akiokota kifurushi nyuma ya pipa na kukitia ndani. Mbwa akakivuta, kwa kuwa hakuna mfuniko. Kabla ya saa 6 kafa.

Na kweli, wiki hiyo yule mbwa alichana nguo ya mteja wa fundi. Fundi alisema mbele yetu, "Huyu mbwa siku zake zinahesabika." Nami nilisikia. Ni hasira tu. Aliyasema ameshika kipande cha nguo ya watu mkononi.

Yeye aliona taka imeanguka, akaitia pipani, basi. Alifanya kama alivyofundishwa na mke wangu. Aliyevunja sheria ni mimi.

Nilimwambia mwenye nyumba, "Sumu ni yangu." Akasema nimezeeka vibaya, namtetea mwanamke. Nikaja hapa saa 11 na nusu jioni. Nikaona lango, nikageuka. Hilo nalo liandike. Fundi ana mtoto wa kunyonya, na usiku huo jirani ndiye aliyempa mtoto uji.

Asubuhi hii nimeamka, nimekuja. Sumu iliyobaki ni hii, nimeileta kwenye kopo. Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa, ni maneno yangu.

Dole gumba la kulia la shahidi.

MAELEZO YA ASKARI: Nimeandika maelezo haya Jumapili tarehe 10, saa 1:20 hadi saa 2:35 asubuhi, nikamsomea, akayakubali. Nimemwonya kuwa yanaweza kutumika dhidi yake. Amejibu, "Ndiyo maana nimekuja." Kopo moja limepokelewa kama kielelezo. Fundi cherehani ametolewa mahabusu saa 3:10. Alipopita kaunta alimwambia mzee, "Baba, ungeniambia tu." Mzee yupo kwenye benchi, anasubiri mkuu wa kituo.