Nakala ya Mbalamwezi

Rusimbi, 2 Septemba 2025

Shangazi Yunisi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi huku wazima, na kibanda changu cha fotokopi kinanipa ugali. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako bado imelala kwenye tope la mto Malagarasi.

Shangazi, ile blogu yangu ya habari za mwaloni, za wavuvi na waanika dagaa, sasa inasomwa mpaka Burundi. Kisa chako na rafiki yako Ininahazwe, mlivyoanika dagaa pamoja hapo Ilagala kabla hajarudi kwao Burundi, kimewaliza watu. Ila fundi aliyenitengenezea kanionya kwamba mtandao ukiharibika kila kitu kinapotea, kwa hiyo niwe natunza nakala pembeni. Hakusema lini. Kila siku nitachoka, kila mwaka naogopa.

Mwanao,
Marcelina

Ilagala, 5 Septemba 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mwakeye, umeamkaje? Mgongo upo, unalalamika kama kawaida yake.

Kumbe unatoa kopi za watu kutwa nzima, zako huna. Kweli kinyozi hajinyoi. Sikiliza. Mbalamwezi ikijaa dagaa hawafuati taa, basi wavuvi wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Hakuna anayeuliza lini, mwezi unawaambia. Nawe toa nakala kila mbalamwezi. Anza Jumapili hii.

Ininahazwe ana miaka kumi na mitatu tangu aondoke. Nikianika, bado namwachia nafasi yake pale mchangani. Sijui hata kama yu hai.

Shangazi yako,
Yunisi

Rusimbi, 25 Septemba 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na ukae chini kwanza. Yu hai.

Juzi Jumanne, chini ya kisa chenu, binti anayeitwa Ndayikunda ameandika: "Ininahazwe ni mama yangu. Anauliza kama Yunisi bado anaimba vibaya akianika dagaa." Ameacha na namba ya simu. Nilipiga kelele hadi mteja akakimbia akaacha vyeti vyake. Namba nitakutumia nikishahakikisha, maana matapeli wamejaa.

Nakala ya Jumapili ile niliitoa. Nyingine ni tarehe saba, mwezi ukijaa, kama ulivyonifundisha. Kesho naibadilisha blogu sura, ipendeze kwa ajili ya wageni wetu.

Mwanao mwenye furaha,
Marcelina

Ilagala, 28 Septemba 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka, nimelia, nimeunguza maharage. Mpe jirani yangu Rozalia hiyo namba akija huko sokoni. Na umwambie huyo binti kwamba naimba vizuri.

Shangazi yako

Rusimbi, 9 Oktoba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Rozalia amenijia mara mbili nikamkwepa. Leo naandika, unisamehe.

Nilipoweka ile sura mpya, tarehe ishirini na sita, blogu ilikufa yote. Niliirudisha kwa nakala ya mbalamwezi, na kisa chenu kimerudi salama. Lakini nakala ile ni ya tarehe saba Septemba, na Ndayikunda aliandika tarehe ishirini na tatu. Maneno yake hayamo. Namba sikuiandika popote, niliona ipo palepale kila nikifungua.

Nimeumia sana.

Marcelina

Ilagala, 12 Oktoba 2025

Marcelina,

Marahaba. Siku mbili sikutaka kukuandikia. Ninachoogopa ni kimoja: yule binti akirudi akakuta maneno yake hayapo, mama yake atadhani nimemkataa.

Nami nilikosea. Mbalamwezi inatosha kwa kazi za kila siku, maana dagaa watakuja tena mwezi ujao. Mtu anaweza asije. Siku unayotaka kubadili kitu, na siku uliyopokea kitu usichoweza kukipata tena, usingoje mwezi. Toa nakala saa hiyohiyo.

Sasa andika juu kabisa ya kisa chetu: Yunisi hajamkataa mtu, anasubiri.

Shangazi yako

Rusimbi, 4 Novemba 2025

Shangazi wangu,

Shikamoo shikamoo. Ndayikunda amerudi. Aliandika jana: "Mlinifuta, mama akasema Yunisi amemkataa. Leo nimesoma hayo ya juu, nimempigia kelele aje aone."

Na namba ameiacha tena. Hata chai sikumaliza. Nakala moja ipo kwenye kompyuta, moja kwenye flashi niliyompa Happiness, jirani yangu, na namba nimeiandika kubwa kwenye karatasi iliyo ndani ya barua hii. Safari hii sijahakikisha chochote. Hakikisha wewe.

Mwanao,
Marcelina

Ilagala, 10 Novemba 2025

Mwanangu Marcelina,

Marahaba, mara mia. Namba nimeinakili kwenye daftari, nyuma ya kalenda ya kanisa, na ukutani kwa mkaa. Kisha nikaazima simu ya Eliakimu, yule mvuvi wa jirani.

Ikapokelewa. Sauti ya kizee ikaniuliza nani. Nikasema Yunisi. Akasema siku hizi matapeli wamejaa, kama mimi ni Yunisi niimbe. Basi nikaimba, hapo uani kwa Eliakimu, mbele ya wanawake wote waliokuwa wanachambua dagaa. Sikufika mbali. Upande wa pili Ininahazwe alikuwa analia na kucheka, anamwambia binti yake, "Ni yeye, hakuna mwingine anayeimba vibaya hivi."

Anakuja mwezi ujao kwa njia ya Manyovu, kule mpakani. Njoo uandike. Nafasi yake mchangani nimeifagia leo asubuhi.

Shangazi yako,
Yunisi