Pombe Mshipani

Jumatatu, 5 Juni 1972
Hesabu za darasa la nne bado sijazisahihisha. Mgongo unauma tangu asubuhi. Sasa tumbo nalo linakaza, linaachia, linakaza. Miezi saba tu. Wa kwanza alitoka miezi hii hii, hakulia. Naogopa. Mume wangu Omari amekwenda Ukunda kutafuta gari.

Jumanne, 6 Juni
Hospitali. Daktari ataka kuuzuia uchungu kwa dawa ya mshipani. Nikauliza dawa gani. Pombe, akasema, ndiyo waliyo nayo. Mimi, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Nikanyoosha mkono. Mume wangu nimemwambia ni dawa tu.

Jioni. Dari inazunguka. Nimetapikia kanga. Nacheka peke yangu, kisha nalia. Nesi nimemwita mpumbavu, mimi nisiyetukana hata kuku. Mistari yanikimbia.

Jumatano, 7 Juni
Kichwa chapasuka. Uchungu umetulia, lakini mtoto hachezi. Tangu jana. Nesi anasema amelewa pamoja nami, atazinduka. Asipozinduka je? Nimemlewesha mwanangu mwenyewe. Na kusali siwezi, mlevi hasali. Nimebaki na hofu tupu.

Mchana alikuja mama mkwe na uji. Huyu ndiye aliyevunja kikombe kwa sababu jirani mlevi alikinywea. Nilipanga kufumba mdomo. Lakini mkwe haachi kuamkiwa. Nilimshika mkono, shikamoo ikatoka na harufu ya pombe. Hakuitikia. Nilijua nimekwisha. Basi nikamweleza yote, pombe, chupa, hata mtoto kutocheza. Hilo la mwisho lilinitoka kwa kilio.

Akafungua pindo la leso, akatoa karafuu, akanitia kinywani.

“Tafuna, mwanangu. Omari yuko mlangoni.”

Kisha akaweka mkono tumboni mwangu. Omari alipoingia alisema wodi inanukia vizuri. Mama hakumtazama.

Nesi amemruhusu mama kulala hapa, kwenye mkeka.

Alhamisi, 8 Juni
Chupa wameiondoa. Ulimi mzito bado. Kabla ya adhana ya alfajiri mama aliketi kitandani, mkono wake pale pale. Tulingoja. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa.

Teke. Dogo, upande wa kushoto. Mkono wake ulishtuka, nami nikajua sikuota.

Alitoka na kopo la maji kwenda kutawadha. Aliporudi alikuwa na kopo jingine la maji, akaniwekea karibu na kitanda.